Jengo la utafiti wa bahari huanzia kwenye bomba

Swali: Taasisi yetu imepata kiwanja ufukweni na fedha za kujenga jengo la utafiti wa bahari la ghorofa tatu. Litakuwa na maabara ya matangi 20 ya lita 1,000 kila moja yanayopitisha maji ya bahari usiku na mchana, maabara mbili za kemia, chumba cha hadubini, karantini ya viumbe na stoo ya sampuli. Ramani za msanifu ziko tayari, na matangi ameyaweka ghorofa ya juu kabisa. Mkandarasi anasema tuanze msingi sasa, mfumo wa maji ya bahari tuuagize mwishoni pamoja na samani. Utaratibu huu uko sawa? Kama si sawa, tuanzie wapi?

Jibu: Hauko sawa, na msingi usichimbwe bado. Mfumo wa maji ya bahari si samani. Ndio unaoamua sakafu ya chini ikae kimo gani, nguzo zibebe uzito gani, mifereji ipite wapi, mitambo ya umeme ikae chumba kipi na kazi ya baharini ifanyike mwezi gani. Mkishamwaga zege bila kuyajua hayo, kila uamuzi utakaofuata utakuja na nyundo ya kubomolea. Nitaanza baharini nikirudi nchi kavu, kwa njia ile ile ambayo maji yenyewe yatapita.

Jedwali la maji

Kabla ya mchoro wowote, andaeni jedwali moja lenye mstari kwa kila chumba: lita ngapi kwa saa, joto gani, yachujwe kiasi gani, yakitoka yaende wapi, uzito gani sakafuni, umeme kilowati ngapi. Safu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa: chumba hiki kinaweza kukaa dakika ngapi bila maji kabla ya kitu kufa au kuharibika? Wajaze watafiti wenyewe, mmoja mmoja, kisha mtu mmoja alinganishe majibu, kwa sababu kila mtafiti huomba maji kana kwamba yuko peke yake.

Kwa matangi yenu, maji yakibadilishwa yote mara moja kwa saa mnahitaji mita za ujazo 20 kwa saa. Ongezeni karantini, uoshaji wa vichujio kwa kurudisha maji kinyume, na uoshaji wa vifaa, mtafika kama 30. Wekeni akiba ya theluthi, ni 40. Hiyo 40 ndiyo nitakayoipigia hesabu hadi mwisho.

Joto nalo lina bei yake. Mtafiti akiandika kwamba anataka maji yapoe nyuzi 5 chini ya joto la bahari, mita 20 za ujazo kwa saa zitahitaji mtambo wa kuondoa takribani kilowati 114 za joto mfululizo. Wengi huandika "nyuzi 5" kama vile wanaagiza kiyoyozi cha ofisini. Kibadilisha joto cha bamba kinachokutanisha maji yanayoingia na yale yanayotoka kikirudisha asilimia 70, mzigo wa mtambo unashuka hadi kilowati 34 hivi. Lakini kibadilisha joto hicho kinataka mfereji wa maji yanayotoka upite karibu na bomba la maji yanayoingia, na hilo ni suala la ramani, si la duka.

Bomba la kuingizia maji

Hapa ndipo fedha hupotea kimyakimya. Tuseme bomba lina urefu wa mita 400, la plastiki ngumu ya PE100, na kipenyo cha ndani cha milimita 130. Likiwa jipya, mita 40 za ujazo kwa saa zitapoteza nguvu ya msukumo sawa na mita 2.2 za kimo cha maji. Mtu atasema linatosha. Sasa subirini kome, chaza na viumbe wengine wa gamba wajishikize ndani. Tabaka la milimita 10 tu pande zote linaacha tundu la 110, tena lenye mikwaruzo, na upotevu unapanda hadi mita 9 na zaidi. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 175 kwa hali hizo hizo mbili linatoka mita 0.5 hadi mita 1.8. Tofauti ya bei ya bomba ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya wapiga mbizi, boti na mitambo ya kulizamisha, ambayo italipwa ile ile kwa bomba jembamba na nene.

Wekeni mabomba mawili, si moja, kila moja likiweza kubeba mahitaji yote peke yake. Moja linafanya kazi, jingine linafungwa likiwa limejaa maji. Viumbe waliomo humaliza oksijeni na kufa, kisha mnabadilishana kila baada ya wiki moja au mbili. Njia hii haitumii klorini, na klorini hairuhusiwi kukaribia maji ya majaribio. Ila ina sharti: maji ya kwanza ya bomba lililokuwa limefungwa yananuka mayai viza, yana haidrojeni salfaidi na maganda. Yasiingie kwenye matangi. Kwa hiyo penye vali za kubadilishia wekeni tawi la kumwagia maji hayo nje hadi yatakate, na tawi hilo liwe na kipenyo sawa na bomba lenyewe. Lililochongwa dogo halitoi maganda.

Kona za bomba ziwe za mkunjo mpana, pasiwe na kona ya mraba hata moja, ili mpira wa kusafishia uweze kusukumwa kutoka nchi kavu hadi mdomoni. Mteremko uwe wa upande mmoja. Popote bomba litakapopanda kisha likashuka, hewa itakusanyika kileleni na kupunguza maji, na mtatafuta ubovu kwenye pampu bure.

Mdomo wa bomba ukae mita 2 hadi 3 juu ya tope la chini, na uwe chini ya mawimbi hata maji ya bamvua yanapokupwa kabisa. Wavu wake uwe mpana kiasi kwamba maji yanaingia kwa mwendo usiozidi sentimita 15 kwa sekunde. Samaki wadogo wengi wanaweza kuogelea kinyume na mwendo huo wakajitoa. Msiuweke mahali ambapo mkondo huleta maji ya mto au maji machafu ya makazi, wala maji yenu wenyewe mnayoyarudisha. Mtajuaje? Kwa kupima chumvi, joto na utusitusi wa maji kwa miezi 12 mahali penyewe. Vyombo vya kupimia vizamishwe wiki hii, hata kama vibali vya ujenzi havijatoka. Kipimo cha mwezi mmoja wa kiangazi hakisemi chochote kuhusu msimu wa mvua.

Plastiki hii ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Inashikiliwa chini kwa vizito vya zege, na idadi yake ihesabiwe kwa bomba lenye hewa kidogo ndani na mawimbi ya dhoruba, si kwa bahari tulivu. Pale bomba linapovuka eneo la mawimbi kuvunjika ndipo hukatika, kwa hiyo hapo lizikwe ndani ya mtaro au lipitishwe chini ya mwamba kwa mashine ya kutoboa mlalo. Nchi kavu nako linataka nafasi ya kurefuka: mita 100 zilizoachwa juani zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka sentimita 30 hadi 40, na flenji iliyofungwa kwa nguvu ukutani ndiyo itakayopasuka.

Kuna wanaoshauri kuchimba kisima cha mchangani badala ya bomba. Maji yake ni meupe kweli, lakini mara nyingi hayana oksijeni, tena yana chuma, amonia au salfaidi. Kwa kazi ya mabuu na planktoni yanakuwa si maji ya bahari tena.

Sifuri mbili

Kosa moja linastahili aya yake. Ramani ya bahari huhesabu kina kuanzia karibu na kimo cha maji yanapokupwa kabisa. Mpima ardhi huhesabu kuanzia wastani wa usawa wa bahari. Kati ya sifuri hizo mbili kuna takribani nusu ya tofauti ya maji kujaa na kupwa, kwa hiyo mahali ambapo bamvua hupanda na kushuka mita 4, kosa ni mita 2. Mhandisi wa bomba akitumia sifuri moja na mhandisi wa jengo nyingine, kisima cha pampu kitakauka kila bamvua, au mfereji wa kutolea maji utaingiza bahari ndani. Andikeni sifuri moja kwenye pembe ya kila mchoro, na mpima ardhi aweke alama ya shaba kwenye mwamba kiwanjani. Hapo shaba inaruhusiwa; kwenye maji ya matangi, kama mtakavyoona, ni marufuku.

Sakafu ya chini ihesabiwe hivi: kimo cha juu kabisa cha maji, mawimbi ya dhoruba, mawimbi kupanda ufukoni, kisha bahari kuinuka katika umri wa jengo. Ripoti ya sita ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, iliyotoka mwaka 2021, inakadiria kuinuka kwa mita 0.63 hadi 1.01 ifikapo 2100 katika hali ya uchafuzi mkubwa zaidi, ukilinganisha na kipindi cha 1995 hadi 2014. Kwa jengo la miaka 60 mimi ningechukua mita 1 bila kubishana.

Kisima cha pampu

Pampu ikae wapi? Ikiwekwa juu ya ardhi ikavuta moja kwa moja kutoka baharini, hesabu huwa hivi. Uzito wa hewa unaweza kusukuma maji ya bahari mita 10.1 tu. Toeni mita 0.4 za mvuke kwa maji ya nyuzi 30. Toeni mita 3 za kuinua maji yanapokupwa. Toeni mita 2.2 za msuguano wa lile bomba la 130 likiwa jipya. Inabaki mita 4.5, na pampu ya kawaida ikidai mita 3 itafanya kazi vizuri siku ya uzinduzi. Msuguano ukipita mita 3.7 tu, pampu inaanza kusikika kama inasaga kokoto: viputo vya mvuke vinavunjikia kwenye panga lake na kuliparura. Kwa bomba lile hilo hutokea viumbe wakiwa hawajafika hata nusu ya tabaka nililotaja.

Kwa hiyo chimbeni kisima ufukweni, maji yaingie yenyewe kwa mteremko, na pampu ziwe ndani yake zimezama. Maji kisimani yatakuwa chini ya usawa wa bahari kwa kiasi cha msuguano wa bomba. Kwa bomba la 175 lililoota viumbe, ni mita 1.8, ongezeni mita 1 ya kuifunika pampu isivute hewa na nusu mita ya tope. Kwa hiyo sakafu ya kisima iwe angalau mita 3.3 chini ya maji kupwa kabisa. Kwa kiwanja cha kawaida hilo ni shimo la mita 8 hivi.

Na shimo hilo linaelea. Kisima cha mraba chenye upana wa nje wa mita 3.6, kuta za sentimita 30, sakafu ya nusu mita na kina cha ndani cha mita 8 kina uzito wa tani 92. Maji ya ardhini yakifika juu wakati wa dhoruba, yanakisukuma kwa tani 113. Siku mkikikausha kukisafisha, kinanyanyuka na kukata mabomba yote. Dawa yake ni rahisi kama imo kwenye mchoro tangu mwanzo: sakafu ya kisima itokeze nje ya kuta ili udongo uikalie, au nguzo za chini zikishike. Kigaweni pia sehemu mbili kwa ukuta wa kati wenye lango, upande mmoja usafishwe huku mwingine ukifanya kazi.

Pampu ziwe tatu, kila moja nusu ya mahitaji. Mbili zinafanya kazi, ya tatu inasubiri.

Kinachoua viumbe kimya kimya

Maji yakishafika ndani, adui wa kwanza ni metali. Shaba kwa mikrogramu chache tu kwa lita huharibu mabuu ya chaza na kome, kwa hiyo shaba, brasi na mabati yenye zinki yasiguse maji popote, hata ndani ya vali, hata skrubu moja ya chujio. Msomeni muuza vali kwa makini: mwili ni plastiki, mhimili ni brasi. Stenlesi ya daraja la 316 wengi huiamini kupita kiasi. Kwenye maji ya bahari yenye joto yaliyotuama huliwa mashimo chini ya gasketi, mahali usipopaona. Tumieni plastiki na faiba kwa mabomba, titani kwa vibadilisha joto, na palipo lazima chuma, stenlesi ya supadupleksi.

Adui wa pili ni hewa. Tundu dogo upande wa kuvutia pampu halimwagi maji nje, bali linanyonya hewa ndani. Pampu inaibana hewa ile hadi iyeyuke, na maji yanafika kwenye matangi yakiwa na gesi kupita kiasi. Samaki hutokwa viputo kwenye macho na mapezi kama soda iliyotikiswa. Kupasha maji joto huleta balaa lile lile, kwa sababu maji ya moto hushika gesi kidogo. Njia ya uhakika ni mnara wa kutoa gesi: bomba pana la mita 1.5 hadi 2 lililojazwa vipande vya plastiki, maji yaanguke ndani yake yakichuruzika na kuachia gesi iliyozidi, kabla ya kuingia tangi la juu.

Tangi hilo la juu ndilo linalomgusa mhandisi wa nguzo. Mita 10 za ujazo zina tani 10 na robo, na zinawapa dakika 15 za maji pampu zikisimama, au dakika 30 mkipunguza maji nusu. Zinafaa sana, mradi nguzo zimeandaliwa kuzibeba.

Matangi chini, karatasi juu

Sasa mwambieni msanifu ayashushe matangi. Sakafu ya maabara ya kawaida huhesabiwa kilo 300 hadi 500 kwa mita ya mraba. Maji ya kina cha mita 1 peke yake ni kilo 1,025. Matangi 20 yakikaa juu, mtanenepesha nguzo zote hadi msingi, na kila uvujaji utaangukia mashine za watu wa kemia. Anton Dohrn alipojenga kituo chake cha Napoli miaka ya 1870 aliweka matangi ya samaki chini na maabara juu. Sababu za kufanya hivyo hazijabadilika.

Sakafu ya chumba cha matangi iwe na mteremko wa asilimia 1 hadi 2 kuelekea mifereji yenye wavu wa faiba. Matangi yasikae sakafuni bali juu ya vitako vya zege vya sentimita 10, na pembe ya ukuta na sakafu izungushiwe mkunjo wa mpako usiopitisha maji hadi kimo cha sentimita 15. Kisha angalieni bomba la kutolea. Mita 40 za ujazo kwa saa ni lita 11 kila sekunde bila kupumzika. Bomba la milimita 100 ambalo fundi wa vyoo hulichukua kwa mazoea hupitisha lita 6 au 7 likiwa limejaa pomoni. Wekeni 200, lijae nusu, libaki na nafasi ya tangi likipasuka.

Maji yanayotoka yagawanywe tangu chini ya slabu, kwa sababu baadaye hayagawanyiki: maji safi ya matangi yanayorudi baharini, maji ya karantini yanayopita kwenye tangi la kuua vijidudu kabla ya kutoka, maji ya kemia, na maji ya vyoo. Chumvi isiingie kwenye mfumo wa majitaka ya kawaida. Inasumbua bakteria wanaoyasafisha.

Nje ya mlango wa matangi acheni eneo la kuoshea boti, nyavu na vifaa vya tope, lenye mtego wa mchanga unaoweza kuchotwa kwa koleo. Bila eneo hilo mchanga wote utaishia kwenye mfereji wa ndani.

Zege na nondo

Wahandisi wengi huandika daraja kali la zege kwa gati na daraja laini kwa ndani ya jengo. Lakini chumba cha matangi kinalowa maji ya chumvi na kukauka kila siku, sawasawa na nguzo ya gati kati ya maji kujaa na kupwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 206 huita hali hiyo XS3. Kinapendekeza uwiano wa maji na saruji usiozidi 0.45 na nguvu ya C35/45. Mimi ningeshuka hadi 0.40, na nusu ya saruji au zaidi iwe ya slagi, yaani taka ya tanuru la chuma iliyosagwa, kwani zege hilo hupitisha chumvi polepole zaidi. Nondo zifunikwe milimita 45, pamoja na 10 za makosa ya fundi, yaani 55. Vijiwe vya kuinulia nondo viwe vya zege ile ile. Zege la slagi hukomaa polepole, limwagiliwe maji matamu siku 7 kwa uchache, na mchanga wa pwani usikaribie kiwanjani hata kwa plasta.

Kila bomba linalopita ukutani au kwenye slabu liwekewe mkono wake wenye pete ya kuzuia maji kabla ya kumwaga zege. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutosubiri mfumo wa maji "kama samani". Kutoboa baadaye kunakata nondo, na nondo iliyokatwa ni mlango wa kutu ulioachwa wazi.

Vyumba vikavu

Hewa ya chumba cha matangi isichanganyike na hewa ya jengo lote. Iwe na feni zake, na vyumba vikavu viwe na msukumo mkubwa kidogo ili hewa ya chumvi isijipenyeze. Makabati ya umeme yakae chumba kingine kabisa. Soketi za chumba cha matangi ziwe juu ya mita 1.2, zenye vifuniko visivyopitisha maji, kila sakiti ikiwa na kikata umeme cha miliampia 30. Gaweni sakiti hizo ndogondogo, la sivyo kitakata kimoja na matangi yote yatanyamaza.

Chumba cha hadubini kiwe mbali na pampu na mitambo ya baridi, juu ya slabu ya chini. Pampu zikae kwenye misingi yake iliyotengwa na jengo, na maungio ya mpira. Makabati ya kuvuta mvuke wa kemikali yahesabiwe kwa mwendo wa hewa wa mita 0.5 kwa sekunde mlangoni. Kila moja linatoa hewa nyingi iliyopozwa kwa fedha yenu, hivyo msiyaweke kwa wingi wa mapambo. Sampuli za ethanoli zinahitaji stoo yenye kuta za kuzuia moto na uingizaji hewa wake. Na kama kuna mtu atakayetumia kaboni 14 kufuatilia ukuaji wa mwani, chumba chake, sinki lake na hata makoti yake yatengwe kabisa na wanaopima kaboni 14 ya asili. Chembe ndogo sana inaharibu vipimo vya jengo zima, na ukishaeneza huwezi kufagia.

Ratiba

Vipimo vya bahari vya miezi 12 vianze sasa, sambamba na upimaji wa kina, utoboaji wa udongo na tathmini ya athari kwa mazingira. Jedwali la maji likamilike ndani ya miezi 2 ya kwanza. Mchoro wa vimo ufuate: bahari, kisima, sakafu, mifereji, tangi la juu, vyote kwenye karatasi moja, vikionekana kana kwamba vimekatwa ubavuni. Hapo ndipo msanifu arudi mezani. Pampu, vibadilisha joto vya titani, mitambo ya baridi na jenereta viagizwe mara michoro ikipitishwa, kwa sababu huchukua miezi mingi kufika na vipimo vyake ndivyo vinavyotoa ukubwa wa misingi yao.

Kazi ya baharini ina dirisha la miezi michache ya bahari tulivu. Mkilikosa kwa wiki 3, mmelikosa kwa mwaka. Ratiba nzima isukwe kuanzia hapo, hata kama jengo litasubiri bomba. Kazi hii ipewe mkandarasi wa baharini kwa mkataba wake, si fundi mdogo wa chini ya mkandarasi wa nyumba.

Halafu mkandarasi akikabidhi funguo, msilete samaki. Zege jipya huyafanya maji yawe ya magadi kupita kiasi, na epoksi, gundi za plastiki na silikoni huachia kemikali. Jazeni na kumwaga maji ya bahari, kisha yaacheni yapite wiki 4 hadi 8. Kama kuna mfumo wa maji yanayozunguka, bakteria wa chujio wanahitaji wiki 4 hadi 8 nyingine za kulishwa amonia kidogo kidogo hadi amonia na nitriti vyote viwili vishuke vikae chini. Wekeni kwanza viumbe wachache nyeti, mabuu ya kome wanafaa sana, mlinganishe ukuaji wao na wa wenzao waliowekwa kwenye maji yaliyochotwa baharini kwa ndoo ya plastiki. Ratiba ya mkandarasi haina miezi hii. Iandikeni nyinyi, muwaambie wafadhili mapema kwamba jaribio la kwanza ni miezi 3 au 4 baada ya makabidhiano.

Zuieni sehemu ya malipo hadi jaribio hili lifanyike: saa 72 mfululizo matangi yote yakipitisha maji, saa hizo zikichaguliwa makusudi kuangukia bamvua. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, pampu moja izimwe bila taarifa. Saa chache baadaye swichi kuu ya umeme ikatwe. Mtu asimame na saa kwenye jenereta, ambayo iwe imeshika mzigo ndani ya sekunde 15. Mwingine asimame kwenye tangi la mwisho kabisa la mstari akipima maji kwa ndoo. Wa tatu ahakikishe vali za mitungi ya oksijeni ya dharura ya matangi zimefunguka zenyewe umeme ulipokatika. Vali hizo ziwe za aina inayoshikwa imefungwa na umeme, si inayohitaji umeme kufunguka. Ikaguliwe hiyo siku vali zinapoagizwa, kwa sababu kwa macho zinafanana.